Mchanga Mfu Kabla ya Buibui

Sanduku lilitufikia Jumatatu, na kufikia Ijumaa saa sita mchana ilitakiwa ijulikane kama linabaki kwetu au linafungashwa kwenda Geita. Lilikuwa sanduku jeusi la plastiki ngumu. Ndani yake mlikuwa na mashine ya kunakili vinasaba, kifaa cha kuendeshea jeli, taa ya bluu, pipeti mbili, na vichupa vidogo kuliko kucha ya kidole gumba. Mradi uliolituma ulikuwa unalizungusha katika shule za sekondari za kanda yetu. Barua iliyokuja nalo ilikuwa ya ukurasa mmoja, na ndani yake sentensi moja ndiyo iliyotuhusu: shule itakayowasilisha tokeo safi kutoka kwa mdudu iliyemkamata yenyewe, ndiyo itakayobaki na mashine.

Neno safi nililisoma kama kila mtu pale shuleni alivyolisoma. Mkuu wa shule alilisoma kwa sauti ofisini kwake, akainua macho na kusema, "Safi, maana yake kitu kipatikane." Hakuna aliyembishia.

Ninafundisha biolojia katika shule ya kata nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Kwa miaka kumi na minne nimefundisha vinasaba kwa chaki. Nimechora ngazi iliyosokotwa ubaoni mara nyingi kiasi kwamba naweza kuichora huku nikiangalia dirishani nani anachelewa kuingia. Lakini sijawahi kumwonyesha mwanafunzi hata mmoja kwamba ninachokichora kipo kweli, kwamba kinatolewa mwilini mwa kiumbe na kusomwa. Niliitaka mashine ile. Naandika hivyo mapema kwa sababu yote niliyoyafanya wiki ile yalitokana na kuitaka.

Kipimo chenyewe kilikuwa cha kutafuta bakteria aitwaye Wolbachia. Huyu haishi nje ya mwili wa mdudu. Anaishi ndani ya seli zake, na mama humrithisha watoto kupitia mayai. Wadudu wengi wanaye, wengine hawana, na kwa macho huwezi kujua. Unamponda mdudu, unatoa vinasaba, mashine inavinakili mara mamilioni, kisha unaviendesha kwenye jeli na kumulika. Ukiona mstari wa juu, maana yake kazi imefanyika na vinasaba vya mdudu vimo. Ukiona na wa chini, maana yake bakteria yumo. Karatasi ya maelekezo ilisema kwamba buibui hawajapimwa sana. Nikaamua tutapima buibui, na awe wa porini, si hawa wa kwenye pembe za madarasa.

Jumanne nilikwenda Mwakitolyo kwa dada yangu. Yeye huosha marudio pale, yaani mchanga ambao wengine wameshautolea dhahabu na kuutupa. Alikuwa ameniambia kwenye simu kwamba kwenye rundo la marudio kuna buibui wa rangi ya udongo, wanaobeba kifuko cheupe nyuma kama mwanamke aliyebeba mtoto chini ya mgongo. Nilibeba chupa yangu mwenyewe ya spiriti, mpya, nikiwa nimeifunga kwenye mfuko. Vichupa vidogo vya machimboni karibu vyote vimewahi kubeba zebaki, na zebaki ingeharibu kipimo. Nilijiona mwangalifu sana kwa hilo.

Nilimkuta ameinama kwenye mwalo, pale wanapooshea mchanga, maji ya tope yakimfika vifundoni. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuinuka. Wenzake waliposikia nilichofuata walisimamisha kazi. Mmoja aliuliza kama Shinyanga mjini buibui wamekwisha. Mwingine akasema mwalimu aachwe, huenda serikali imegundua buibui wanakunya dhahabu, na wanaojua siri wanajifanya wapumbavu. Dada akawaambia wafunge midomo, mdogo wake ana kazi ya watu waliosoma.

Tulizunguka rundo lile karibu saa nzima juani. Buibui walikuwapo lakini walikuwa wepesi, na rangi yao ilikuwa ileile ya mchanga, kwa hiyo ulikuwa unaona tu kitu cheupe kidogo kikikimbia chenyewe. Mwishoni dada ndiye aliyempata mmoja. Alimfunika na karai lake la kuoshea, akaniita, akaliinua upande mmoja polepole. Nikamwingiza kwenye chupa. Alipozama kwenye spiriti, miguu ilikunjamana na kifuko cha mayai kikaachia, kikatua chini ya chupa peke yake, cheupe, ukubwa wa punje ya mtama.

Kisha dada akafanya jambo ambalo nililiandika kwenye daftari. Kabla ya kurudi kwenye kazi yake alichota mchanga wa barabarani, pale wanapopita watu na pikipiki, akautia kwenye karai, akauosha kwa utaratibu uleule anaooshea marudio. Alizungusha, akamwaga, akazungusha tena, akalielekeza karai kwenye jua na kulitazama chini kwa muda mrefu. Ndipo akachota mchanga wake. Niliandika: *anaosha mchanga wa barabarani kwanza*. Sikumuuliza sababu. Nilikuwa na chupa mkononi na nilitaka kuwahi gari.

Jumatano tulipima. Tulikuwa wawili, mimi na mwalimu wa kemia, na wanafunzi wa kidato cha sita wakiwa wamezunguka meza. Tulipofungua pakiti ya vinu vidogo vya kupondea tukakuta kimebaki kimoja na mchi wake. Shule zilizotutangulia zilikuwa zimetumia vingine. Mwalimu wa kemia alisema kinu ni kinu, kinaoshwa. Tukaanza na nzi mkavu aliyekuja na sanduku, ambaye anajulikana kuwa na bakteria, ili tuwe na cha kulinganisha. Tukamponda. Tukaosha kinu kwa sabuni, tukakisuuza kwa spiriti, tukakikausha. Nikakata tumbo la buibui kwa wembe, tukalipondea humo. Katika kichupa cha tatu tukaweka maji matupu, kama maelekezo yalivyotaka. Kichupa hicho kisipoonyesha kitu, maana yake dawa zetu hazina uchafu.

Saa tisa alasiri tulizima taa za maabara, tukafunika madirisha kwa khanga za walimu na kuwasha taa ya bluu. Nzi: mistari miwili. Maji: giza tupu. Buibui: mistari miwili. Wa chini ulikuwa hafifu lakini ulikuwapo, na wanafunzi waliuona kabla yangu. Kelele zao zilimleta mkuu wa shule kutoka ofisini. Alitazama, akanipa mkono, akatazama tena.

Nilipiga picha. Ningeweza kuituma palepale, na mwalimu wa kemia alinihimiza niitume. Lakini fomu ilikuwa na sehemu ya kueleza hatua zote kwa mpangilio, na mimi kazi ya kuandika siwezi kuifanya watu wakiwa wanapiga kelele. Nikasema nitatuma kesho.

Alhamisi asubuhi mkuu wa shule aliwatangazia wanafunzi mstarini kwamba shule yao imegundua bakteria ndani ya buibui wa mkoa wetu, na kwamba afisa elimu amealikwa kesho kuja kuona mashine, ambayo sasa ni yetu. Wanafunzi walipiga makofi. Nilisimama pamoja na walimu wengine nikipokea pongezi.

Saa nne dada alifika. Alikuwa amekuja mjini kupima macho, akaona apitie kumwona buibui wake. Nilimkaribisha maabara, nikamwambia akae, akakataa kiti kwa sababu sketi yake ilikuwa na vumbi la safari. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliisogeza mbali na uso, akaileta karibu, akaisogeza tena.

"Huyu ndiye wangu?"

"Ndiye. Huu mstari wa chini ndio bakteria."

"Na huyu wa pembeni?"

"Nzi. Huyo tunajua anao, tumemweka wa kulinganishia."

"Mlimponda wapi?"

Nikamwonyesha kinu. Alikishika kwa vidole viwili, akacheka udogo wake, akakigeuza kuelekea dirishani kama anavyoligeuza karai kuelekea jua.

"Na buibui?"

"Humo humo, dada. Tulikiosha kwanza."

"Kwa mchanga mfu?"

Nilimwambia kwa sabuni. Akanitazama kwa namna aliyokuwa akinitazama zamani, tukiwa wadogo, nilipokuwa narudi kisimani na ndoo nusu.

"Sikuulizi mliosha na nini. Nakuuliza mlijuaje kwamba kimeoshwa?"

Kisha akanieleza, polepole, kwa Kiswahili chake kinachotamka karai kama kalai. Dhahabu ya mtu huganda kwenye mikwaruzo ya karai. Unaweza kulisugua mpaka likang'aa na bado imo. Ukileta mawe ya duara jipya, yaani shimo jipya la kuchimbia, ukayasaga na kuyaosha humo, karai litakuonyesha dhahabu, na watu watashuka chini kuchimba mwaka mzima kufuata dhahabu ya marudio ya jirani. Ndiyo maana kwanza unaosha mchanga usio na kitu, mchanga wa barabarani, ambao wao huuita mchanga mfu. Ukionyesha kitu, karai linasema uongo. Usipoonyesha kitu, karai ni safi, na hapo ndipo unaweza kuliamini na jiwe.

"Si mliweka maji?" akauliza. Alikuwa ameliona lile giza kwenye picha.

"Tuliweka."

"Yalipita kwenye kinu?"

Hayakupita. Tuliyatia moja kwa moja kwenye kichupa cha mwisho, kwa ncha mpya ya pipeti. Maji yetu yalithibitisha kwamba dawa hazina uchafu. Kuhusu kinu hayakusema lolote. Na kinu kile, kabla ya buibui wangu, kilikuwa kimemponda nzi aliyejaa bakteria.

Ilikuwa saa tano na bati lilikuwa limeshaanza kuwaka. Dada aliweka kinu mezani kwa uangalifu, akasema anawahi gari la kurudi. Nilipomsindikiza getini alinishukuru kwa soda niliyomnunulia, "wabeja," akaondoka bila kulirudia jambo lile.

Mwalimu wa kemia nilimkuta ofisini akisahihisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kalamu ikiwa hewani.

"Tuma ile ya jana," alisema. "Mashine ikishakuwa yetu tutarudia mpaka buibui wenyewe waombe likizo."

"Na kama ni ya nzi?"

"Nani atajua?"

Hakulisema kwa ubaya. Yeye pia alikuwa amefundisha kwa chaki miaka yote hiyo. Nilikaa kwenye kiti changu na kufungua fomu. Sehemu ya hatua ilikuwa na mistari kumi na miwili. Niliandika wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ulipaswa kuwa: *kinu kilichotumika kwa nzi kilioshwa kwa sabuni na kutumika kwa buibui*. Nilijaribu kuuandika bila neno nzi. Sentensi ilikubali. Ilikuwa sentensi nzuri kabisa, fupi, isiyo na kosa la sarufi, na nilipoisoma nikaona jinsi ambavyo hakuna mtu yeyote angeuliza swali. Nikaikata.

Mkuu wa shule alinipokea akiwa amesimama.

"Mwalimu, kitu kipo au hakipo?"

"Ndicho ninachotaka kukijua, mkuu."

"Jana ulikuwa unakijua."

Nilimwomba anipe mpaka kesho kabla ya saa sita. Alinikumbusha kwamba afisa elimu anafika saa tano. Akanikumbusha pia kwamba wanafunzi mia sita wameshapiga makofi. Kisha akakaa, akavuta faili, na nikajua nimeruhusiwa kwa kuwa hakuniambia nimekatazwa.

Dawa zilizobaki zilitosha vichupa vinne tu. Tumbo la buibui lilikuwa limekwisha lote Jumatano. Iliyobaki ilikuwa miguu, na bakteria huyu hakai sana miguuni. Lakini chini ya chupa ya spiriti kile kifuko cha mayai kilikuwapo bado. Nilikuwa nimekihifadhi kwa ajili ya kuwaonyesha kidato cha pili. Kama mama humrithisha bakteria kupitia mayai, basi kama yupo, mayai ndiyo mahali pa kumtafuta.

Mwalimu wa kemia alikuja maabara bila kuitwa, akavaa glavu. Tukapanga vichupa vinne. Cha kwanza, nzi, kutokana na maji ya vinasaba vyake yaliyobaki Jumatano. Cha pili, maji matupu yaliyozungushwa kwenye kinu kama kilivyokuwa, kimeoshwa kwa sabuni tu. Kisha tukakiloweka kinu kwenye klorini, ambayo hukatakata vinasaba, tukakisuuza kwa maji yaliyochemshwa. Cha tatu, maji yaliyozungushwa kwenye kinu baada ya klorini. Cha nne, mayai, tuliyoyaponda humo humo. Juu ya cha pili na cha tatu niliandika herufi mbili kwa kalamu ya wino mzito: MM. Mwalimu wa kemia aliuliza maana yake. Nikamwambia, mchanga mfu.

Ijumaa saa moja asubuhi mashine ilianza kazi. Ilihitaji saa mbili na nusu bila kukatizwa. Mwalimu wa kemia alikuwa ameiunganisha na betri ya gari la mkuu kupitia kibadilisha umeme, endapo umeme ungekatika, na saa mbili na dakika kumi ulikatika kweli. Tulisikia feni ya maabara ikipunguza mwendo. Taa ya kijani ya mashine ilipepesa mara moja, ikabaki. Hatukutazamana. Kutoka hapo nilihesabu mizunguko kwenye kioo chake: kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja. Nje walikuwa wakifagia uwanja kwa ajili ya mgeni, na vumbi lilikuwa likiingia kwa chini ya mlango, nikaweka kitambaa.

Saa nne kasoro tulianza kuendesha jeli. Gari la afisa elimu liliingia saa tano kasoro robo, mapema kuliko tulivyotarajia. Nilisikia shikamoo za wanafunzi zikipita kando ya jengo, na sauti ya mkuu ikisema waanzie ofisini, wapate chai kwanza. Hata leo namshukuru kwa chai ile.

Tukafunika madirisha. Taa ya bluu.

Nzi: mistari miwili. Kinu kabla ya klorini: mistari miwili, hafifu kama alama za kalamu zilizofutwa, lakini miwili. Kinu baada ya klorini: giza. Mayai: mstari wa juu, mwangavu. Chini yake hakuna kitu. Niliinama mpaka pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo. Hakuna kitu.

"Basi," alisema mwalimu wa kemia. Alitoa glavu moja, kisha nyingine. "Tumemwita afisa elimu aje kuona giza."

Niliijaza fomu nikiwa nimesimama. Niliandika mstari wa nne wote, pamoja na nzi. Niliandika kwamba mabaki yaliyokutwa kwenye kinu siwezi kuapa yote ni ya nani, kwamba mayai ya buibui huyu hayakuonyesha bakteria, na kwamba tokeo la Jumatano lisihesabiwe. Nikaambatanisha picha zote mbili. Saa tano na dakika thelathini na tisa nikatuma.

Mkuu wa shule na mgeni wake walikuta nimeketi. Nilieleza. Afisa elimu alikuwa mwanamke mtulivu. Aliuliza kama hilo giza la katikati ndilo nililokuwa nalitafuta, nikamwambia ndiyo, hilo na lile la mwisho ni magiza mawili tofauti: moja linasema kinu ni safi, jingine linasema bakteria hayumo kwenye mayai. Mkuu alitazama sanduku jeusi lililokuwa wazi pembeni, akiwa na sura ya mtu anayekumbuka kila neno alilolisema mstarini.

Simu iliita saa sita na dakika tano. Alikuwa mratibu wa mradi, sauti ya kijana, akizungumza haraka. Alisema katika shule zote zilizopita, hakuna iliyopima kinu chake, ndiyo maana sanduku lilikuwa bado linazunguka. Nyingi zilileta mistari miwili. Sasa itabidi azipigie simu moja baada ya nyingine, na hakuifurahia kazi hiyo. Nilimuuliza kuhusu sanduku. Akasema, kana kwamba nimeuliza jambo lililokwisha zamani, "Si mmeleta tokeo safi? Msilifungashe."

Mkuu alinitaka nirudie maneno hayo, nikarudia. Jumatatu yake mstarini aliwaambia wanafunzi kwamba buibui wetu hana bakteria, na kwamba alikosea kutangaza mapema. Hawakupiga makofi, isipokuwa kidato cha sita.

Dada nilimpigia jioni ya Ijumaa ile. Karasha, mashine ya kusagia mawe, lilikuwa likiunguruma nyuma yake, ikabidi asogee mbali.

"Ehe, wangu anasemaje?"

"Hana kitu."

"Yaani nimezunguka lile rundo na jua lote lile, halafu hana kitu?"

"Hana, dada."

"Na kinu?"

"Mara ya kwanza kilisema uongo. Mara ya pili kilikuwa safi."

"Haya," alisema. "Basi njoo nikutafutie mwingine."